Al-Inkishafi: shairi la kututisha na kifo, au la kutuuliza tunaishi kwa ajili ya nini?

mzee_wa_zidaka (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mwaka ukianza magrupu hujaa mashairi ya kutia moyo. Mengi ni tafsiri za harakaharaka na yote yanasema jambo lilelile: amka mapema, pambana, ndoto yako itatimia. Siyapingi. Mtu akiamka mapema kwa sababu ya shairi, ni heri yake na ya mwajiri wake. Kinachonikera ni kwamba shairi zito kuliko yote tuliyonayo kuhusu kuishi kwa makusudi tumewaachia wanafunzi wa fasihi, nao wakishafanya mtihani wanalisahau.

Nasema Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19.

Kwa ambao hamjakutana nalo: Pate ni kisiwa katika visiwa vya Lamu, pwani ya kaskazini ya Kenya. Chini ya masultani wa Kinabahani mji huo ulikuwa na mali ya kutajika. Pembe za ndovu zilitoka, vitambaa viliingia, na sahani za Uchina zilipangwa kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, hadi darini. Kisha ukaporomoka. Watu waligombea kiti, wakapigana na majirani bila kuchoka, na katika muongo wa pili wa karne hiyo Pate pamoja na Mazrui, watawala wa Mombasa, wakaenda kuivamia Lamu, wakapigwa vibaya pale Shela. Mtunzi ni mtoto wa mji huohuo, sharifu wa ukoo wa Sheikh Abubakar bin Salim wa Inat, Hadhramaut. Majumba anayoyalilia ni ya tabaka lake, na wengine waliokaa humo anawataja kwa majina.

Sasa angalieni anavyoanza shughuli baada ya dua:

*Moyo wangu nini huitabiri*
*Twambe u mwelevu wa kukhitari*
*Huyui dunia ina ghururi*
*Ndia za tatasi huzandamaye?*

Kwa Kiswahili cha leo ni kama kusema: moyo wangu, mbona huzingatii? Tuseme wewe ni mwerevu wa kuchagua, basi hujui kuwa dunia ina hadaa? Kwa nini unaziandama njia zake za matata?

Oneni anazungumza na nani. Hasemi "enyi vijana", hasemi "enyi matajiri". Ameukamata moyo wake mwenyewe kwenye kola. Kila mhubiri wa mafanikio ninayemjua ananiambia mimi nibadilike, yeye ameshafika. Huyu sharifu, mwenye nasaba na elimu yote ile, anajiweka kizimbani wa kwanza, na sisi tunasikiliza kesi ya mtu mwingine hadi tunagundua kwamba mashtaka ni yetu.

Kisha anautolea moyo mifano ya dunia. Bahari iliyochafuka yenye matumbawe, *suu ulimwengu bahari tesi*. Vumbi linalong'aa kwenye mwale wa jua: ukienda kulishika, mkono mtupu. Na huu ndio ninaoupenda kuliko yote:

*Ni kama kisima kisicho ombe*
*Chenye mta paa mwana wa ng'ombe*
*Endao kwegema humta pembe*
*Asipate katu kunwa maiye*

Kisima hakina kingo, na pembeni amesimama ndama mkali. Kila anayesogea anapigwa pembe, na maji hayanywi kamwe. Nimesoma maelezo mengi ya kile ambacho vijana siku hizi wanakiita kuchoka na kazi, na sijaona yanayoushinda ubeti huu. Kiu ni ya kweli na maji yapo. Unapigwa pembe, unarudi, unapigwa tena, na jioni unajisifu kwamba leo umejituma.

Hoja yangu ni hii: wengi wanalisoma kama shairi la kifo, ati kila kitu ni ubatili kwa hiyo kaa usali usubiri siku yako. Mimi nalisoma kama shairi la mtu anayeuliza, wakati taa bado inawaka, hii taa naiwasha ili nione nini? Karibuni tubishane.

BodaWaMabibo

Mkuu nimesoma hadi mwisho nikiwa kijiweni nasubiri abiria, kwa hiyo usiseme vijana hatusomi.

Ila nikuambie ukweli, hiyo siyo motisha, hiyo ni hotuba ya makaburini. Mimi nina marejesho ya pikipiki kila wiki. Unanijia na habari za tajiri wa Pate aliyekuwa na sahani za Uchina, mji wake ukaporomoka. Sasa mimi nifanyeje? Sahani zenyewe za kwangu ni za plastiki. Shairi la kumkataza mtu asiipende dunia linamfaa aliyeionja dunia. Sisi tuliobaki tuacheni kwanza tuionje.

Kobe_la_Bahari

😂😂 Boda amemaliza uzi. Modi funga.

BintiLangoni

Msifunge, mie ndio nafika.

Kaka mzee_wa_zidaka, ahsante kwa kutukumbuka. Nikuongezee beti mbili ulizoziruka, kwa sababu nguvu ya shairi iko hapo zinapokaa jirani. Ya kwanza:

*Nyumba zao mbake zikinawiri*
*Kwa taa za kowa na za sufuri*
*Masiku yakele kama nahari*
*Haiba na jaha iwazingiye*

Nyumba zinang'aa kwa taa za kioo na za shaba, usiku umekaa kama mchana, heshima na cheo vimewazunguka. Halafu:

*Nyumba zao mbake ziwele tame*
*Makinda ya popo iyu wengeme*
*Husikii hisi wala ukeme*
*Zitanda matandu walitandiye*

Nyumba zilezile, maneno ya mwanzo yaleyale, lakini sasa ni mahame. Popo wadogo wananing'inia juu, hakuna sauti wala ukelele, na vitandani buibui wametanda utando. Na kwenye madaka ya zisahani, anasema, sasa wamelala *wana wa nyuni*, makinda ya ndege. Hakuweka mahubiri katikati. Amekuonyesha nyumba mara mbili akanyamaza.

Kwetu Amu, yaani Lamu, haya ni maneno ya kuimbwa. Mtoto anayasikia kabla hajajua maana, na maana humjia baadaye akiwa na umri wa kuhitaji.

Ila niseme jambo kuhusu Pate yenyewe, maana watu wa mbali hudhani ni kaburi. Pate ina watu. Ukitoka Amu kwa boti unapita mlango wa bahari wa Mkanda, unateremka Mtangawanda, kisha unaingia mji ambao watoto wake wanakwenda skuli kama wa kwenu. Magofu yako hapo kando, na ndani ya kuta zile wenyeji wamelima tumbaku. Palipokuwa kumbi za mabwana ni shamba. Mie huwaza kwamba Sayyid Abdalla angeiona ile tumbaku angeongeza ubeti, na sidhani ungekuwa wa huzuni.

Ticha_wa_Zamu

Dada BintiLangoni umenifundisha, nami ndiye ninayelipwa kufundisha.

Nataka nimsaidie Boda kwa shairi jingine, maana malalamiko yake yana msingi. Linganisheni na Invictus ya Mwingereza William Ernest Henley. Huyu hakuwa tajiri wa taa za kioo. Kifua kikuu cha mifupa kilimla mguu mmoja ukakatwa, na wa pili ulikuwa njiani kukatwa, akaenda Edinburgh kwa daktari Joseph Lister, yule wa usafi wa vidonda. Alikaa hospitalini karibu miaka miwili, 1873 hadi 1875, mguu ukaokolewa. Shairi alilitunga akiwa humo, likachapishwa 1888. Mwishoni anasema yeye ndiye bwana wa majaaliwa yake na nahodha wa roho yake. Mandela alikuwa akiwasomea wafungwa wenzake Robben Island.

Sasa wekeni mashairi mawili pamoja. Sayyid Abdalla anasema ulimwengu ni bahari iliyochafuka, anayeipanda anapata hasara. Henley anasema bahari ichafuke, nahodha ni mimi. Mtu mwenye marejesho ya pikipiki anamhitaji Henley. Nawaheshimu wahenga wetu, lakini ujumbe wa kuishi kwa makusudi uko kwa Henley zaidi.

BodaWaMabibo

Ticha nakukubali. Nahodha wa roho yangu. Hiyo naandika kwenye kilinda tope kesho.

mzee_wa_zidaka

Boda, kabla hujamlipa mwandishi wa kilinda tope ngoja kidogo.

Ticha, mfano wako ni mzuri na Mandela unamfaa. Lakini shairi hilohilo lina msomaji mwingine. Mwaka 2001 Marekani walimuua kwa sindano ya sumu Timothy McVeigh, aliyelipua jengo la serikali Oklahoma City mwaka 1995 akaua watu 168. Kabla ya kufa hakusema neno. Aliacha karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, na juu yake lilikuwa Invictus, zima.

Simlaumu Henley. Mgonjwa anayekatwa mguu ana haki ya kujiimbia asivunjike. Ninachosema ni kwamba shairi lake linampa mtu nguvu ya kushika usukani, na halimuulizi anaelekea wapi. Ndiyo maana lilimfaa Mandela na likamfaa muuaji. Al-Inkishafi huwezi kuitumia hivyo. Jaribu kumpa McVeigh ubeti wa *moyo wangu nini huitabiri* uone kama ataunakili kwa kujivuna. Swali linamkaba koo.

Sisi tumezoea kuita "makusudi" kitu ambacho kwa kweli ni ubishi tu wa kutokubali kushindwa. Wale mabwana wa Pate hawakukosa ubishi. Shairi linawachora wakitembea kwa maringo, mbinu za mikono na shingo zao zikiwa na mwendo wake maalumu, watu wamewazingira mbele na nyuma. Walijituma kuliko sisi wote humu. Walikwenda vitani Shela kwa kujituma.

Ticha_wa_Zamu

Hapo umenipata kidogo. Habari ya McVeigh inaniharibia somo la wiki ijayo, lakini sawa.

Hata hivyo hujajibu shtaka kuu. Umeniambia Al-Inkishafi inauliza. Je, inajibu? Maana beti za mwisho ninazozikumbuka zinashuka motoni moja kwa moja: Jahanamu, Jahimu, Sairi, Hutama, Ladha, Hawiya, moto mmoja baada ya mwingine. Hilo ni jibu la kuogopesha. Mtu anayeacha uovu kwa kuogopa kuungua hajaanza kuishi kwa makusudi, anakimbia tu.

Kobe_la_Bahari

Ticha leo amekuja na bakora.

BintiLangoni

Ticha, shairi halikuandikiwa silabasi, mwenyewe alikuwa Mwislamu akiandikia Waislamu. Akhera kwake ni mahali kama Mombasa ilivyo mahali. Ukimtoa Akhera humbakishii mizani, utambakishia picha za popo.

Lakini la kwamba anauliza kuliko anavyojibu, mie nakubali. Jibu la vitendo liko kwa mwingine, tena jirani yake: Mwana Kupona binti Mshamu. Mume wake alikuwa Bwana Mataka wa Siyu, kisiwa hichohicho cha Pate. Mwaka 1858 akiwa mgonjwa alimtungia bintiye utendi wa beti 102. Tazameni anavyoingia:

*Negema wangu binti*
*Mchachefu wa sanati*
*Upulike wasiati*
*Asa ukazingatia*

Yaani: sogea binti yangu mwenye umri mdogo, usikilize wasia, huenda ukauzingatia. Halafu anamwambia maradhi yamemshika mwaka mzima na hajapata nafasi ya kumwambia neno jema. Huyu hana muda wa kuuliza dunia ni nini. Anataka mtoto ajue aamke vipi, azungumze vipi na watu, amtendee nani vipi. Boda, huyu ndiye wako. Hana habari na taa za kioo. Anasema twaa nikupe hirizi uifunge kwa uzi, na hirizi yenyewe ni namna ya kuishi na watu siku hadi siku.

Mishi_Kisauni

Shoga, hapo sikuachii upite.

Mwana Kupona nampenda kwa lugha. Lakini tusimuuze kwa wasichana wa leo kama kanuni ya kuishi kwa makusudi bila kusema kilichomo. Anasema kiumbe ni radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume, na hiyo ya mume ndiyo anayoikalia beti nyingi. Makusudi ya yule binti yamepangwa yote na wengine. Na mle mle anamwambia asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Sasa mtumwa yeye alikuwa na makusudi gani ya kuishi? Nani alimtungia utendi?

Na tukiwa hapo, mzee_wa_zidaka nawe nikuulize. Hizo taa za kowa na za sufuri zilizofanya usiku kama mchana, nani alikuwa akizitia mafuta? Al-Inkishafi inazitaja kelele za watumishi kumbini, basi. Nyumba ilipokuwa mahame, bwana kapata shairi. Mtumishi hata jina hana.

mzee_wa_zidaka

Mishi, swali lako ndilo bora kuliko yote kwenye uzi huu na sitalizunguka.

Nakubali kwamba mtunzi anaona kuta za tabaka lake. Huzuni yake ina mipaka ya nyumba zenye zidaka. Lakini naona pia kwamba silaha uliyoitumia umeikuta ndani ya shairi. Kama kipimo ni cheo na jaha, mtumishi si kitu na bwana ni kila kitu. Shairi linakivunja kipimo hicho. Linasema jaha ilikuwa pazia tu, na chini yake kulikuwa na moyo ambao haukuulizwa. Ukishalikubali hilo, huwezi tena kuzuia swali lisifike kwa aliyeshika chupa ya mafuta. Sayyid Abdalla hakulifikisha. Wewe umelifikisha, na sidhani kuna njia nzuri zaidi ya kulisoma shairi la zamani.

Kuhusu moto, Ticha: soma tena anayetishwa ni nani. Bado ni moyo wake. Mtu anayemtisha mwenzake kwa Jahanamu nami namkimbia. Mtu anayejitisha mwenyewe usiku, peke yake, kwa sababu amegundua anapoteza umri, huyo nakaa nimsikilize hata kama siogopi anachoogopa yeye.

Mishi_Kisauni

Umejibu vizuri, ila "hakulifikisha" tuliandike kwa kalamu nyekundu. Watu wa mashairi mna tabia ya kusamehe haraka mtu akiwa na vina.

BodaWaMabibo

Nimerudi, nilikuwa na abiria wa Kimara.

Wakuu nimewasoma. Ya Henley kilinda tope nimeghairi, jina la yule mlipuaji limenitoa hamu. Lakini bado sijahamia Pate. Nasema hivi: ule ubeti wa ndama na kisima umenigusa, kwa sababu mimi ule ndio mzunguko wangu. Namaliza mkopo wa pikipiki, nayo imechoka, nakopa nyingine. Pembe, narudi, pembe. Ila shairi linaniambia maji yale hayanyweki. Mimi sina kisima kingine, nina hicho hicho. Kwa hiyo swali langu si "niache dunia?" Ni nifanyeje nikiwa hapohapo kwenye foleni na ndama?

BintiLangoni

Mdogo wangu, ukishajua pale kuna ndama, kwanza hutoshangaa ukipigwa. Hilo peke yake ni nusu ya mzigo. Mtu anayedhani kisima ni kitulivu hujilaumu kila siku kwamba yeye ndiye dhaifu.

La pili, angalia foleni. Uko na nani? Abiria wako wa Kimara, mwenzako wa kijiwe anayeumwa, mama yako unayemtumia chochote. Mwana Kupona anaanzia hapo, na kwa hilo simruhusu Mishi amtupe wote. Mwambie mtoto wako neno jema leo. Yeye alingoja mwaka mzima wa ugonjwa ndipo akaandika, na analisikitikia hilo kwa kinywa chake.

Mishi_Kisauni

Hapo kwa neno jema tuko pamoja. Kwa mume tutaonana mahakamani 😄

Ticha_wa_Zamu

Nimeamua. Wiki ijayo kidato cha tatu nitawapa beti mbili za nyumba, ile inayong'aa na ile ya popo, bila maelezo yoyote, kisha kila mmoja aandike nyumba yake mara mbili: ilivyo leo, na atakavyoikuta mtu mwingine baadaye. Henley atakuja wiki inayofuata, pamoja na wasomaji wake wote wawili. Nitawaachia wanafunzi wagombane.

Dada BintiLangoni, nisaidie jambo moja. Nikisoma kwa sauti najikwaa. Naonekana kama nasoma tangazo la maji kukatika. Kunasomwaje?

BintiLangoni

Hesabu mizani, Ticha. Katika beti hizi mshororo una kumi na moja, na unakatika baada ya sita: *nyumba zao mbake*, pumzi, *zikinawiri*. *Makinda ya popo*, pumzi, *iyu wengeme*. Usikimbilie mwisho. Mishororo mitatu ya mwanzo inafuatana kwa kina kimoja, wa nne unaachana nayo na kwenda kwenye *-ye*, na hiyo *-ye* ndiyo inayorudi ubeti baada ya ubeti mpaka mwisho wa shairi. Kwa hiyo ukifika mshororo wa nne shusha sauti, usiipandishe.

Na wasichana wa darasa lako wape wasome wao kwanza. Kwetu wanawake ndio huziweka nyimbo hizi vifuani, wavulana watafuata.

Ticha_wa_Zamu

Nimejaribu ofisini. Sita, pumzi, tano. Inakaa kabisa. Mwalimu wa hesabu ameuliza ni wimbo gani huo, nimempa nakala.